Ruzuku ya NIH huanza kabla ya andiko

Andiko la utafiti likirudi bila fedha, mtafiti hukimbilia kwenye sayansi: pengine sampuli ilikuwa ndogo, pengine wapitiaji hawaijui nchi yetu. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini sisi tunaofanya kazi kwenye ofisi za ruzuku, tunaoyasukuma maandiko ya afya kutoka vyuo na vituo vya utafiti vya Afrika Mashariki kwenda Marekani, tumeona kazi nzuri ikikwama mahali ambapo mtafiti hakuwahi kutazama: usajili wa taasisi uliokwisha muda, anwani isiyolingana na cheti, mstari wa bajeti usio na hesabu nyuma yake. Hata fedha zikishapatikana, zinaweza kudaiwa zirudi kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha nani alifanya kazi siku gani. Tunayoandika hapa yanahusu upande huo wa kazi, kwa fedha za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, yaani NIH.

Hizi ni fedha za serikali. Bunge la Marekani huziidhinisha kila mwaka, na ndani ya NIH kuna taasisi na vituo 27, kila kimoja na vipaumbele vyake. NIAID inashughulikia maambukizi na kinga ya mwili, NICHD watoto na uzazi, NHLBI moyo, mapafu na damu. Kituo cha Fogarty, kilichoanzishwa mwaka 1968, kipo kwa ajili ya utafiti na mafunzo ya kimataifa. Taasisi iliyoko Moshi, Kisumu au Mbarara inaweza kuomba yenyewe, bila kubebwa na chuo cha Marekani, ilimradi tangazo husika linaruhusu. Jibu la hilo liko kwenye sehemu ya III ya tangazo, panapotajwa nani anastahili. Isomwe kabla ya kitu kingine chochote, maana tumeshuhudia miezi ya kazi ikiteketea kwa sentensi moja ya sehemu hiyo ambayo hakuna aliyeisoma.

Usajili ndio unaokwamisha taasisi nyingi mpya, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo. Kuna hatua nne, na baadhi haziwezi kuanza kabla ya iliyotangulia kukamilika. Taasisi ya nje ya Marekani huanza kwa kuomba namba ya NCAGE, yenye herufi na tarakimu 5, inayotolewa kupitia mfumo wa NATO. Halafu inajisajili kwenye SAM.gov, daftari la serikali ya Marekani la wanaopokea fedha zake, ambako hupewa UEI, namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12 iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, tarehe 4 Aprili 2022. Baada ya hapo ndipo Grants.gov, tovuti ya maombi ya ruzuku za serikali hiyo, na eRA Commons, mfumo wa NIH wenyewe; hizi mbili zinaweza kufanywa kwa wakati mmoja. NIH inashauri kuanza angalau wiki 6 kabla ya siku ya mwisho. Sisi tunashauri miezi mitatu, na kwa taasisi ambayo haijawahi kujisajili kabisa, minne.

Kinachochelewesha mara nyingi ni jina na anwani. Jina lililo kwenye NCAGE lazima lifanane na la SAM herufi kwa herufi. Ukiandika "Ltd" pale na "Limited" hapa, mfumo unaona taasisi mbili. Anwani nayo ni tatizo letu hasa, kwa sababu vyeti vyetu vingi vya usajili vina Sanduku la Posta tu, wakati SAM inataka mahali jengo lilipo: mtaa, namba ya nyumba, kata, postikodi. S.L.P. haikubaliki kama anwani ya jengo. Kwa Tanzania, mfumo wa anwani za makazi umesaidia sana. Pata namba ya jengo lenu na postikodi ya kata, kisha hakikisha jina kamili la taasisi na anwani hiyo vinaonekana pamoja kwenye hati moja, kwa mfano ankara ya umeme au taarifa ya benki. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili iambatishwe na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Kamwe usitume hati mbili, moja yenye jina na nyingine yenye anwani, ukitumaini kuna mtu ataziunganisha.

Usajili wa SAM hudumu mwaka mmoja. Ukiisha, andiko halipiti, na mwenye ruzuku tayari anaweza kukwama kupata fedha za mwaka unaofuata. Shida inayojirudia ni akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe na simu ya mhasibu ambaye sasa yuko taasisi nyingine. Msimbo wa siri unaingia kwenye simu yake, na hapatikani. Teueni wasimamizi wawili tangu siku ya kwanza, na tarehe ya kuhuisha iandikwe kwenye kalenda ya ofisi nzima, siku 60 kabla.

Kwenye eRA Commons kuna jambo jingine linalowakuta wakurugenzi wa vituo vidogo. Afisa mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya taasisi na mtafiti mkuu ni majukumu mawili ambayo mfumo haukubali yakae kwenye akaunti moja. Mkurugenzi ambaye pia ni mtafiti mkuu anahitaji akaunti mbili tofauti. Hili hugundulika jioni ya siku ya mwisho, wakati hakuna wa kumuuliza.

Na kuhusu jioni hiyo: saa ya mwisho ni saa kumi na moja jioni kwa saa za mahali taasisi mwombaji ilipo, hata kama ofisi za NIH ziko Maryland. Wengi hudhani tofauti ya saa inawapa muda wa ziada, kumbe inawanyima. Washington iko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na saa 8 wakati wa baridi. Dawati la msaada la eRA hufunguliwa saa moja asubuhi kwao, ambayo kwetu ni saa nane mchana mwezi Juni na saa tisa alasiri mwezi Februari. Kwa hiyo siku ya mwisho una saa mbili au tatu tu za kumpata mtu wa kukusaidia. Tena, baada ya kutuma, mfumo unakupa siku mbili za kazi za kulikagua andiko kabla halijaenda mbele, lakini makosa yanayotaka kutuma upya yanasahihishwa tu ikiwa siku ya mwisho haijapita. Andiko litumwe siku tano kabla. Kwa R01 mpya, yaani ruzuku kuu ya mradi wa utafiti, tarehe za kawaida ni 5 Februari, 5 Juni na 5 Oktoba. Kwa andiko linalorudishwa baada ya marekebisho ni 5 Machi, 5 Julai na 5 Novemba.

Kabla ya kuandika, fungua NIH RePORTER, hazina ya wazi ya miradi yote iliyofadhiliwa. Bandika muhtasari wako kwenye Matchmaker iliyomo humo, nayo itakuonyesha miradi inayofanana na wako, taasisi zilizoifadhili, jopo lililoipitia na afisa programu, yaani mtumishi wa NIH anayeisimamia. Jifunze kuisoma namba ya mradi. Ikianza na 1 ni ruzuku mpya. R01 ni aina yake. AI ni NIAID, HD ni NICHD, TW ni Fogarty. Na mwishoni ukiona A1, ujue mradi huo ulikataliwa kwanza ukarudi. Utaona A1 nyingi, na hilo pekee lingetosha kumpa moyo anayekata tamaa baada ya jibu la kwanza.

Kisha mwandikie afisa programu. Watafiti wetu wengi wanaona haya kufanya hivyo, wakidhani ni kujipendekeza. Kuzungumza na waombaji ni sehemu ya kazi yake. Barua pepe iwe fupi, na iambatishwe na ukurasa mmoja wa malengo mahsusi, ikiuliza maswali mawili: je, mada hii iko ndani ya vipaumbele vyenu, na tangazo lipi linafaa? Jibu la "hapana" mwezi Novemba ni msaada mkubwa kuliko ukimya hadi Julai.

Ukurasa huo wa malengo ndio tunaoupigania kuliko sehemu nyingine yoyote ya andiko. Kwa kawaida wapitiaji watatu ndio wanaopewa andiko zima walisome kwa kina; wengine kwenye jopo husoma ukurasa huo na kusikiliza. Ni ukurasa mmoja tu, maandishi ya ukubwa wa pointi 11 au zaidi, pambizo za nusu inchi. Mkakati wa utafiti wenyewe ni kurasa 12 kwa R01 na 6 kwa R21, ruzuku ndogo ya utafiti wa awali. Kosa tunaloliona zaidi ni malengo yanayotegemeana: lengo la pili haliwezekani mpaka la kwanza lifaulu, na la tatu linangoja la pili. Mpitiaji akitilia shaka lengo la kwanza, yote yameanguka. Panga angalau malengo mawili yanayoweza kusimama peke yake.

Kosa la pili ni ufunguzi usiobeba kitu. "Malaria ni tatizo kubwa Tanzania" haimwambii mpitiaji kitu asichokijua. Taasisi ya nje hutakiwa pia kueleza jambo la ziada, ambalo tangu Januari 2025 huangaliwa na watumishi wa NIH badala ya wapitiaji: je, ina vipaji, rasilimali, watu au mazingira ambayo hayapatikani kwa urahisi Marekani? Hapo ndipo penye nguvu yetu, na tunashangaa jinsi watu wanavyopapita haraka. Taja kliniki ya wajawazito unayofanya nayo kazi, rejesta yake inaanza mwaka gani, maabara iko umbali gani, friji za nyuzi 80 chini ya sifuri ziko ngapi na zinapata umeme wa akiba kutoka wapi. Maelezo hayo hayana mapambo, na mpitiaji huyaamini.

Tangu 25 Januari 2025 wapitiaji hutumia vigezo vitatu vikuu: umuhimu wa utafiti, uimara na uwezekano wa mbinu, na utaalamu pamoja na rasilimali. Viwili vya kwanza hupewa alama 1 hadi 9, ambapo 1 ndiyo bora. Cha tatu huangaliwa kama kinatosha au hakitoshi. Maandiko yetu huumia zaidi kwenye uwezekano, na mara nyingi kinachokosekana ni hesabu.

Chukua mfano. Andiko la R21, lenye ukomo wa miaka miwili, linasema litaandikisha wajawazito 600 na kuwafuatilia miezi 6. Kliniki tatu kwa pamoja hupokea wajawazito wapya 110 kwa mwezi. Tuseme theluthi mbili wanakubali, na nusu yao wanatimiza vigezo: unabaki na 36 au 37 kwa mwezi. Kufikisha 600 ni miezi 16 na zaidi. Lakini asilimia 15 watahama au kuacha, kwa hiyo ili ubaki na 600 lazima uandikishe 706, na hiyo ni miezi 19. Ongeza miezi 6 ya kumfuatilia wa mwisho, na miezi 5 ya mwanzo ya vibali, ajira na mafunzo. Umefika 30 kwenye mradi wa miezi 24, na uchambuzi haujaanza. Mpitiaji makini hufanya hesabu hii kwenye karatasi pembeni. Ifanye wewe kwanza, uiandike ndani ya andiko, kisha ama ongeza kliniki, ama punguza sampuli kwa sababu za kitakwimu, ama omba R01, inayoweza kufika miaka mitano.

Bajeti nayo ina lugha yake. Waombaji wa Marekani wa R01 yenye gharama za moja kwa moja zisizozidi dola 250,000 kwa mwaka huruhusiwa kuomba kwa mafungu ya dola 25,000 bila mchanganuo mrefu. Taasisi ya nje hairuhusiwi. Lazima itoe bajeti ya kina, kwa dola. Ikifika dola 500,000 au zaidi kwa mwaka wowote, omba idhini kutoka taasisi husika ya NIH angalau wiki 6 kabla ya kutuma. R21 ina ukomo wa dola 275,000 za gharama za moja kwa moja kwa miaka miwili, na si zaidi ya 200,000 kwa mwaka mmoja.

Muda wa watu huandikwa kwa miezi. Asilimia 20 ya mwaka mzima ni miezi 2.4. Kinacholipwa ni sehemu hiyo ya mshahara halisi wa mtu kwenye taasisi yake. Hapa ndipo panapozuka ugomvi, kwa sababu baadhi ya watumishi wa umma wamezoea kulipwa posho ya mradi juu ya mshahara kamili wa serikali. Kwenye fedha hizi mtu hawezi kulipwa mara mbili kwa saa zile zile, wala jumla ya muda wake kwenye miradi yote kuvuka asilimia 100. Zungumzeni na idara ya utumishi kabla ya kuandika majina, mkubaliane kwa maandishi.

Kila mstari uwe na hesabu inayoonekana. Badala ya kuandika "usafiri wa jamii, dola 17,280", andika: wahudumu wa afya ngazi ya jamii 12, siku 20 kwa mwezi, miezi 18, nauli shilingi 10,000 kwa siku, jumla shilingi 43,200,000, kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola. Mpitiaji akiona hivyo hana swali. Na wewe mwenyewe unaiona hatari iliyojificha: shilingi ikiimarika hadi 2,400, kazi ile ile itagharimu dola 18,000, na pengo la dola 720 utalitafutia mahali. Hilo ni mstari mmoja tu. Kwa mradi wa miaka mitano, mabadiliko ya kiwango cha dola yanaweza kummeza mtumishi mzima.

Gharama za uendeshaji wa taasisi, zile za umeme, uhasibu na jengo, kwa taasisi za nje zimekuwa asilimia 8 tu, na haikokotolewi juu ya kila kitu. Vifaa vikubwa hutolewa kwanza. Gharama za moja kwa moja zikiwa dola 180,000, na ndani yake kuna mashine ya dola 30,000, unakokotoa juu ya 150,000 na kupata 12,000. Kifaa kikubwa kwa miaka mingi kilimaanisha chenye bei ya dola 5,000 au zaidi na kinachodumu zaidi ya mwaka. Kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zimepandisha kiwango hicho hadi 10,000. Asilimia 8 ni ndogo mno kwa kazi inayotakiwa, na tunalisema wazi. Ndiyo maana mhasibu wa mradi, pale kazi yake inapohusu mradi huo moja kwa moja, aandikwe kwenye gharama za moja kwa moja na sababu zielezwe.

Ushuru wa forodha haulipwi na ruzuku hii kwa taasisi ya nje. Mashine ikifika bandarini au uwanja wa ndege bila msamaha wa kodi, gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kila siku na hakuna fungu la kuzilipa. Omba msamaha kabla ya kuagiza, na vitendanishi vinavyotaka ubaridi visiondoke kiwandani kabla barua ya msamaha haijawa mkononi.

Vibali vya ndani havisubiri fedha. Kwa Tanzania Bara, andiko hupita kamati ya maadili ya taasisi, halafu kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kibali cha utafiti kinatoka COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Majaribio ya dawa au chanjo yanahitaji idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na ili uingie kwenye vituo vya afya vya serikali kuna barua za mkoa na halmashauri. Zanzibar ina kamati yake, na kibali cha Bara hakitoshi huko. Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi, pamoja na kamati ya maadili iliyosajiliwa; Uganda ni UNCST, baraza lao la sayansi. Sampuli zikitoka nje ya nchi kuna mkataba wa uhamishaji wake. NIH kwa kawaida haidai kibali cha maadili wakati wa kutuma, hukidai andiko likishapata alama nzuri, na hapo wanataka jibu kwa haraka. Taasisi pia lazima iwe na ahadi ya kulinda washiriki wa utafiti, FWA, iliyo hai. Hudumu miaka 5, na usajili wa kamati ya maadili miaka 3. Angalia tarehe zote mbili leo.

Kuna pia takwimu. Tangu 25 Januari 2023 kila andiko linalozalisha takwimu za kisayansi huambatishwa na mpango wa kuzitunza na kuzishirikisha. Usinakili mpango wa chuo cha Marekani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na zote zina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Ukiahidi NIH kitu ambacho sheria ya nyumbani inakizuia, utavunja mojawapo. Fomu ya ridhaa ndiyo inayobeba uzito huu: kama mama hakuambiwa kwa Kiswahili chepesi kwamba taarifa zake, bila jina, zitatumiwa na wengine, huwezi kuja kuzitoa baadaye.

Andiko la Februari hupitiwa Juni au Julai, baraza la taasisi husika ya NIH hukaa Agosti au Oktoba, na fedha mapema kabisa ni Septemba au Desemba. Jopo haliyajadili maandiko yote. Yale yanayoonekana dhaifu zaidi katika tathmini ya awali huachwa bila mjadala, lakini hayo nayo hupata maoni ya maandishi. Alama ya mwisho ni kati ya 10 na 90, na ndogo ndiyo nzuri. Una miezi 37 ya kurudisha andiko lililorekebishwa, pamoja na ukurasa mmoja wa kuwajibu wapitiaji. Wajibu kwa heshima, pointi kwa pointi, ukianza na ile nzito kuliko zote. Mpitiaji akikosea kuhusu nchi yetu, usimlaumu. Maana yake andiko halikumweleza. Na tangu 25 Septemba 2025 mtafiti mkuu mmoja hawezi kutuma maandiko zaidi ya 6 kwa mwaka, wala NIH haikubali yaliyoandikwa kwa sehemu kubwa na akili mnemba.

Mwaka 2025 umebadilisha jambo jingine linalotugusa moja kwa moja. Taasisi zetu nyingi zilipata fedha za NIH kupitia mkataba mdogo chini ya chuo cha Marekani. Tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitaendelea kutoa ruzuku zenye mikataba midogo ya nje kwa utaratibu ule, na kwamba mshirika wa nje atapewa ruzuku yake mwenyewe, iliyounganishwa na mradi mkuu. Kwa aliye chini ya mkataba mdogo, UEI peke yake ilitosha. Anayepokea moja kwa moja anahitaji usajili kamili wa SAM, eRA Commons, na uwezo wa kutoa ripoti za fedha yeye mwenyewe. Tunauona mzigo huu, hasa kwa vituo vya wilayani vilivyozoea chuo kikuu cha ng'ambo kibebe karatasi zote. Lakini pia ni nafasi ya taasisi kuonekana kwa jina lake. Kituo chochote chenye mshirika Marekani kianze usajili sasa, hata kama hakuna tangazo mezani.

Barua ya ruzuku ikifika, watu hutazama kiasi. Sisi huanza na masharti maalumu yaliyo mwishoni, maana humo ndimo mlimo marufuku ya kuandikisha washiriki hadi kibali fulani kipokelewe. Fedha huchukuliwa kupitia mfumo wa malipo, PMS, kulingana na mahitaji ya karibuni. Usivute fedha za mwaka mzima zikakae benki. Riba inayozidi dola 500 kwa mwaka hurudishwa. Mtu muhimu aliyetajwa kwenye barua akipunguza muda wake kwa asilimia 25 au zaidi ya ule ulioidhinishwa, omba idhini kabla, na vivyo hivyo kwa kubadili mtafiti mkuu au lengo la utafiti. Ripoti ya maendeleo ya kila mwaka inatakiwa siku 45 au 60 kabla ya mwaka mpya wa bajeti, kutegemea aina ya ruzuku. Ikichelewa, fedha zinachelewa, na wa kwanza kukosa mshahara ni muuguzi wa utafiti na dereva, ambao hawana fungu jingine la kuwashikilia. Kwa ajili yao tu, ripoti hiyo ianze kuandikwa miezi mitatu mapema.

Mkaguzi akija, hutaka kuona mnyororo wa kila malipo. Posho ya mhudumu wa jamii iwe na orodha ya mahudhurio yenye tarehe na kijiji, saini au alama ya dole gumba, namba ya muamala kama alilipwa kwa simu, na jina la msimamizi aliyethibitisha kwamba kazi ilifanyika. Karatasi za saa za kazi zisainiwe kila mwezi, zisisainiwe kwa pamoja mwisho wa mwaka kwa kalamu moja. Mkaguzi anaitambua kalamu moja. Stakabadhi za karatasi ya mashine hufifia ndani ya miezi michache, hasa kwenye joto la pwani, kwa hiyo zipigwe picha au nakala wiki ile ile.

Mradi ukiisha, ripoti ya mwisho ya fedha, ya kisayansi na ya uvumbuzi zinatakiwa ndani ya siku 120. Kumbukumbu zote zitunzwe miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha itumwe, na zaidi ya hapo kama kuna ukaguzi au shauri ambalo halijafungwa. Sampuli zilizobaki kwenye friji hazina bajeti tena kuanzia siku ya kwanza baada ya mradi, kwa hiyo uamuzi wa nani atalipa umeme wake, au zitateketezwa lini na kwa kibali cha nani, ufanywe katika mwaka wa mwisho, fedha zikiwa bado zipo.